Nilipofuta Upande wa Kulia

Juzi jirani yetu hapa Boko aliletewa mlango. Nyumba yake ilikuwa imekaa na turubai mlangoni kwa muda mrefu, na siku hiyo mafundi walipoushusha kwenye gari na kuuegemeza ukutani, harufu ya mninga uliokatwa karibuni ikavuka ua ikanikuta nafua. Nikaacha nguo kwenye beseni nikaenda kuutazama. Nakshi zake zilikuwa za mashine. Wengi wa rika langu husema kazi ya mashine haina roho, ila mie nasema nilichokiona: mistari ilikuwa safi kuliko ya mjomba wangu, na maua ya kushoto yalilingana na ya kulia mpaka kwenye ncha. Nilisimama pale nikitafuta yalipopishana. Sikupaona. Fundi mmoja akaniuliza, "Mama, umekosa nini hapo?" Nikamwambia sijakosa kitu, nikarudi kwenye beseni. Lakini mikono ilikuwa imeshaziacha nguo, ipo Temeke nilikokulia.

Naandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia mambo ya kila siku. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee mpangilio wa kitabu. Tena kuna mengine sina uhakika nayo. Nilikuwa na miaka tisa, au nane inayoikaribia tisa, na mtoto wa umri ule huchanganya alichokiona na alichokiota mchana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Yeye na mama walitokea kusini, Newala, na alipokuja mjini baba alimjengea banda la mabati ubavuni mwa nyumba yetu. Mabati yenyewe yalikuwa yameshatumika, yana matundu ya misumari ya zamani, na mchana jua liliingia kwa kupitia matundu yale likawa vijiti vyembamba vya mwanga vilivyosimama kwenye vumbi. Nikitoka shule nililala juu ya maranda yaliyorundikwa pembeni. Yalikuwa na joto, yakinikwaruza shingoni, na mie nikasikiliza nyundo ya mti ikigonga patasi. Tok, tok, kimya, tok. Ule ukimya wa katikati ndio ulionilaza.

Kazi ya mjomba ilianzia kwenye karatasi. Alichana mfuko wa saruji akachukua karatasi ya ndani, isiyoguswa na vumbi, akaikunja katikati, akaikunjua, halafu akachora kwa penseli ya fundi, ile bapa inayochongwa kwa kisu. Lakini alichora nusu tu. Nusu ua, nusu nyota, nusu ya mnyororo wa pembetatu, vyote vikiishia kwenye mkunjo kana kwamba maji yamefika pale yakavifunika. Hapo ndipo aliponiita. Kazi yangu ilikuwa kuikunja tena ile karatasi, mchoro ukiwa ndani, na kusugua mgongo wake kwa kijiko, polepole, bila kuruka mahali, mpaka weusi wa penseli uhamie upande wa pili. Tukiikunjua, upande uliokuwa mtupu unakuta una kivuli cha mwenzake. Mjomba anapita juu ya kivuli kwa penseli na mchoro umekamilika.

"Nusu yangu, nusu ya kijiko," alikuwa anapenda kusema.

"Na kijiko kina mwenyewe," nikamjibu.

Fundi Mbaraka, aliyefanya naye kazi bandani, alikuwa mtu wa kuchokoza. "Mwenzangu siku hizi umekuwa kibarua," alimwambia mjomba. "Fundi ni huyu mwenye kijiko. Shikamoo fundi."

"Marahaba," nikamwitikia, wakacheka wote wawili, na mie nikaamini kabisa kwamba nusu ya kila mlango unaotoka pale ni wangu.

Nilitaka kujua ile michoro inasema nini. Kusoma nilikuwa ndiyo nimeanza kukuzoea, kwa hiyo nilidhani kila kilichoandikwa kwa penseli kinasomeka. Nilimwuliza mjomba kuhusu zile duara zilizoshikana. Akasema ni mkufu. Nikamwuliza mkufu una maana gani.

"Maana yake mteja kautaka mkufu."

"Na hizi pembetatu?"

"Hizo zinajaza nafasi, binti. Sugua."

Sikumwamini. Nilihisi ananificha, kama wakubwa wanavyoficha, basi nikajitungia maana zangu. Mstari wa kwenda na kurudi kwa pembe kali ulikuwa njia. Pembetatu ilikuwa paa la nyumba, na pembetatu zilizokaa moja ndani ya nyingine zilikuwa watu wa nyumba moja. Nukta zilikuwa mvua. Na sheria kubwa kuliko zote niliichukua kwake mwenyewe: pande mbili lazima zilingane. Niliwahi kumwona akiitupa pembeni mbao nzima kwa sababu jani moja la kulia lilinenepa. Akasema mlango wa hivyo mtu akiupita kila siku utamsumbua bila kujua kinachomsumbua.

Halafu Bibi, aliyewazaa mama na mjomba, akafariki huko kusini. Mama alikuwa ameshatangulia kumwuguza, kwa hiyo aliyesafiri ni mjomba, na aliporudi alirudi peke yake. Mama alibaki akae mpaka arobaini ipite. Sikujua arobaini ni kitu gani. Nilijua tu kwamba kitanda kiko vile vile, sufuria ziko vile vile, na mwenye kuvitumia hayupo. Nilimwuliza baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kurudi jioni na mabega meupe kwa vumbi la magunia.

"Baba, mama atarudi lini?"

"Akimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Mambo ya huko."

Baba hakuwa mkali, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyatumia kazini. Lakini kwa mtoto jibu lile lilikuwa shimo. Nilianza kufikiri kwamba mambo ya huko hayana mwisho, na kwamba mama naye huenda akawa mmoja wa mambo ya huko.

Siku zile mjomba hakugusa patasi. Alikaa na karatasi ya saruji magotini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuikunja. Alichora pande zote mbili kwa mkono wake, kidogo kidogo. Alichora mstari, akafumba macho kwa muda mrefu, akaufuta, akauchora tena karibu na pale pale. Fundi Mbaraka hakumchokoza. Mie nilikaa na kijiko changu nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Kwa siku nyingi, labda wiki, bandani hakukusikika kitu isipokuwa penseli, sauti ndogo kama panya anayekula polepole, na vile vijiti vya mwanga vikahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Alipomaliza aliibandika ukutani kwa misumari minne. "Hii asiiguse mtu," alisema. "Inamsubiri dada."

Kama ilikuwa inamsubiri mama, nikajua ni mlango wa mama. Mlango wetu ulikuwa wa mbao za kawaida, na nikaona jambo zuri sana, mjomba anamtengenezea mlango wa nakshi ili apate hamu ya kurudi. Kila siku nililala kwenye maranda nikiusoma ule mchoro. Juu kabisa, katikati, kulikuwa na msonge mdogo wenye msonge mwingine ndani yake. Chini kabisa kulikuwa na njia ya pembe kali, fupi. Kushoto kulikuwa na paa tatu zilizolala ubavu, moja ndani ya nyingine, na chini yake nukta zimepinda kama shanga zilizolegea. Katikati hakukuwa na kitu. Nilisema huo ni uani, watu wamekaa vibarazani wameuacha uani mtupu. Zile paa tatu zilikuwa rahisi kusoma: baba, mama, mie.

Kulia ndiko kulikonitisha. Kulia kulikuwa na paa mbili nzima. Ya tatu ilikuwa na mguu mmoja tu, yaani mstari wa upande mmoja, tena haukufika mwisho, na nukta hazikuwepo kabisa.

Nitasema nilivyofikiri, ingawa sasa naona aibu kidogo. Niliamini kilichochorwa ndicho kitakachokuwa. Mjomba akishauchonga mlango vile, nyumba yetu itabaki na watu wawili na mguu mmoja wa mtu wa tatu, na mama hatarudi. Na niliamini mjomba hakufanya kusudi. Tangu msibani alikuwa hajatulia, hata chai alijimwagia. Hakuikunja karatasi, hakunipa kijiko, basi akakosea, na kwa huzuni aliyokuwa nayo hakuna aliyethubutu kumwambia. Mie ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilitaka aje akute limeshakwisha.

Ilikuwa Ijumaa, mjomba na Fundi Mbaraka wamekwenda msikitini. Nilipanda juu ya benchi nikang'oa misumari kwa mkia wa nyundo, nikailaza karatasi chini. Raba sikuwa nayo, nilikuwa na kipande cha ndala, kama watoto wote wa darasa letu, na kinafuta vizuri ukikilowesha kwa ulimi. Nilifuta upande wote wa kulia. Ukageuka kijivu, kisha kahawia safi. Nikaikunja katikati, nikapitisha kucha kwenye mkunjo kama nilivyofundishwa, nikachukua kijiko. Nilisugua mpaka kijiko kikapata moto. Sijawahi kusugua vizuri vile. Nilipoikunjua kivuli kilikuwa kimekaa kila mahali, paa tatu, nukta zote, na nikapita juu yake kwa penseli ya mjomba, nikibana pumzi kwenye kona.

Nikairudisha ukutani. Ilipendeza. Nisiwe mwongo, hata leo nikiikumbuka naona ilipendeza. Nikalala kwenye maranda na nikaona ndotoni mama anakuja kwa ile njia ya pembe kali, kila akifika kwenye kona anageuka kunitazama, anageuka tena, amebeba kitu kichwani, hafiki lakini hapotei.

Niliamka. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya ukuta, bado yuko na kanzu.

"Nani kaikunja hii?"

"Mie, mjomba. Zilikuwa hazilingani."

Akakaa kwenye gogo. Sikupigwa. Nasema hivyo kwa sababu wengi niliowasimulia huuliza hilo kwanza. Hakunipigia hata kelele. Alikaa akiyatazama magoti yake, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulidhani ni nini?"

"Mlango wa mama."

"Ni uso wa bibi yako," akasema.

Hapo nikaona. Sijui kama nimewahi kuona kitu kwa ghafla namna ile. Ule uani mtupu ukawa mahali pa macho na pua na mdomo. Ule msonge ukawa paji la uso. Bibi alikuwa na chale, wale wazee wetu wa kusini walichanjwa usoni wakiwa wasichana na kutiwa masizi, na aliwahi kukaa kwetu msimu mzima wa mvua akitibiwa macho. Nilikuwa nakaa naye mkekani nampitishia kidole shavuni akiwa amesinzia, na ile mistari ilikuwa imeinuka kidogo, kama uzi ulioshonewa chini ya ngozi. Nimeigusa mara ngapi sijui. Ila sikuwahi kuijua kama mchoro. Kwangu ulikuwa uso wa Bibi tu, basi. Tena nilikaa upande mmoja siku zote, kwa sababu ule mwingine ulielekea ukutani.

"Upande ule alikimbia," mjomba akasema. Akanieleza, na Fundi Mbaraka naye akaacha alichokuwa akifanya akasikiliza. Siku ya kuchanjwa Bibi alivumilia shavu la kwanza mpaka likaisha. Kwenye la pili, mchanjaji alipofika mstari wa tatu, Bibi akainuka akakimbilia mihogoni, na hakukubali tena kushikwa na mtu. Wenzake walimcheka maisha yake yote. Walimwita nusu shavu. Alipozeeka akawa anajitania mwenyewe, akisema yeye ndiye msichana pekee wa mwaka ule aliyekuwa na akili.

Picha hakuwa nayo hata moja. Kulikuwa na wageni waliokuwa wakipita kijijini kupiga picha nyuso kama yake, na hawakuuliza hata jina la mtu, kwa hiyo kila alipoona kamera alijifunika kanga. Mjomba alitaka kumchonga kwenye ubao, chale peke yake, kama zilivyokuwa, na alikuwa anamsubiri mama ahakikishe kabla ya kutia patasi. Nilichokifuta ndicho kilichokuwa chake kabisa. Kile nilichokibakiza wanawake wengi wa rika lake walikuwa nacho.

Mjomba akajaribu kuurudisha. Alichora karatasi ya pili, ya tatu, sikumbuki ngapi. Nami nilijaribu kumsaidia, niliishika ile ya kwanza nikaiinamisha kwenye mwanga nione alama za penseli zilizozama, lakini kijiko kilikuwa kimezilaza. Niliona kijistari kimoja. Labda nilikiona kwa kukitaka. Kuna siku nilikuwa nyuma ya banda nikamsikia akimwambia Fundi Mbaraka, "Nikifumba macho sasa namwona ana pande mbili sawa."

"Utamkumbuka tu, mwenzangu. Akili itulie."

"Amenifutia mpaka huku ndani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza homa ilipomshika. Nilikaa nyuma ya yale mabati, yana moto wa mchana mgongoni, na nikafahamu kwamba nimefanya jambo ambalo mtu mzima hawezi kulitengeneza. Wiki moja nyuma nilikuwa naomba mama arudi. Sasa nikawa naomba achelewe, na niliomba kwa bidii ile ile.

Mama alirudi mchana, na mfuko wa korosho na kanga mpya ambayo haikumkaa vizuri. Alikuwa amekonda. Nakumbuka nilimwambia nilichokifanya kabla hajakaa, hata maji hajanywa. Mjomba mpaka anakufa alisema aliyemwambia ni yeye, mie nilikuwa nimejificha uvunguni. Mjomba hakuwa mtu wa uongo. Na mie nakumbuka vumbi la vidole vya miguu vya mama nilipokuwa namwambia, vitu ambavyo ukiwa uvunguni pia unaviona. Siwezi kuapa.

Mama akaishika karatasi akaitazama kwa muda. "Huyu mzuri," akasema. "Lakini si mama."

"Basi mchore wewe, dada," mjomba akasema. "Mie nimeshindwa."

Akapokea penseli, akaiweka juu ya karatasi, akaitoa. Akaiweka tena. "Mie na hii penseli hatujuani," akasema. "Halafu sikuwa namtazama. Chumba kilikuwa giza, mwanga ulimwumiza macho. Nilikuwa nampaka mafuta tu. Kila asubuhi usoni, kila asubuhi." Akavitazama vidole vyake. Kisha akaniita. "Njoo hapa. Lete uso."

Akaniketisha kwenye kigoda mlangoni mwa nyumba, pale penye mwanga, akaenda ndani akarudi na wanja wake. Akakaa mbele yangu, kiganja chini ya kidevu changu, akafumba macho. Kwanza alipitisha kidole kikavu, paji la uso, shavu, shavu, kidevu, polepole, kama mafuta yapo. Nilikuwa sijaguswa na mama kwa muda mrefu. Pumzi yake ilinuka safari na limau. Nilifumba macho na mie, na kwa muda sikujua anayepakwa ni nani, mie au Bibi, na nisingeshangaa nikifumbua nikute tuko kwenye kile chumba chenye giza.

Halafu wanja. Ncha yake ilikuwa baridi. Upande uliokamilika aliuchora haraka, paa tatu, nukta, bila kusita. Upande wa pili alikwenda kwa kusikiliza. Moja. Mbili. Akaanza ya tatu, mguu ukashuka, ukashuka, ukasimama, na mkono wake ukanyanyuka.

"Hapa ndipo alipoinuka," akasema.

Mie sikutikisika.

Mjomba aliinama akanitazama, uso wake karibu sana na wangu, lakini hakuwa akinitazama mie. "Ule mguu ulikuwa mrefu hivyo?"

"Ulikuwa hivyo."

"Mie nilidhani mfupi kidogo."

"Wewe ulikuwa unamwangalia. Mie nilikuwa nampaka."

"Sikatai, dada. Nauliza tu. Nikichonga ndiyo basi, haifutiki."

"Sasa wewe kumbuka."

"Ndiyo nakwambia sikumbuki."

Nilimwona mama naye anaanza kusita, anakitazama kidole chake kama kimemdanganya. Mtu wa tatu wa kuwaamua hakuwepo. Fundi Mbaraka hakuwahi kumwona Bibi. Mjomba akasema, labda kwa kukosa la kusema, "Tumsubiri shemeji, tumwulize."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Shemeji yako atajua nini? Yule anaijua miguu ya mama tu." Na ilikuwa kweli. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Ule msimu wote wa mvua Bibi alipokaa kwetu, baba alikuwa anaingilia mlango wa uani, na wakikutana kwa bahati mbaya alichutama, akaugeukia ukuta, akamwamkia Bibi huku akitazama chini. Chakula cha jioni alikula barazani. Mie nilizoea, nilidhani baba wote hula barazani mvua ikinyesha.

"Basi," mjomba akasema. "Tumekwama."

Jioni ilikuwa imeanza lakini jua bado lipo. Mama aliniambia nisishike uso, akaenda kuwasha jiko. Mjomba alibaki na karatasi mpya, hajaichora kitu. Nilikuwa bado kwenye kigoda mlangoni, nimenyoosha shingo ili wanja usigusane na kitu, baba aliporudi kutoka bandarini.

Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa mbele kama kila siku, mfuko wake wa plastiki mkononi, mabega meupe. Akainua macho akaniona.

Alisimama. Macho yake yakashuka kwenye miguu yangu kana kwamba yamesukumwa. Akarudi nyuma hatua moja, akapisha ubavuni, akachutama chini, uso kaugeuzia ukutani, na mfuko akauweka kando bila kuutazama. "Shikamoo," akasema kwa sauti ya chini niliyoisahau, ile aliyomwamkia Bibi.

Hakuna aliyecheka. Mama alitoka jikoni na kipepeo cha jiko mkononi akasimama pale pale. Baba alikaa vile, anautazama ukuta, na hakugeuka hata alipokwishajua ni mie. Nimelifikiria sana tangu hapo. Nadhani mtu hawezi kuukwepa uso msimu mzima bila kuujua vizuri ulivyo, na pengine aliujua kuliko sisi sote. Lakini sikumwuliza, na yeye hakusema.

Mjomba hakuuliza tena. Akailaza karatasi kwenye goti, akanigeuza kidogo kwenye mwanga uliobaki, akaanza kuchora ule mguu wa paa ya tatu, urefu ule ule alioutia mama.